Dresa na Vijana Walioshuka Usangu

Tulimwita Dresa. Mkewe naye alimwita Dresa, wajukuu wake walimwita Dresa, na mchungaji alipowaombea wagonjwa siku ya Jumapili alimalizia kwa "mtumishi wako Dresa", kana kwamba ndilo jina alilobatizwa nalo. Kazi ya dresa ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda, cheo cha chini kabisa katika mambo ya hospitali za wakati ule. Juu yake alitakiwa awepo mganga, na juu ya mganga daktari. Kwenye misheni yetu kule Kilolo mganga hakuwapo, na daktari alipita mara mbili kwa mwaka, barabara ikikubali. Kwa hiyo Dresa alikuwa yote hayo matatu, isipokuwa ilipofika zamu ya kusikilizwa.

Mambo ya kwao na ukoo wake sitayagusa, maana sikuyajua na mwenyewe hakuyasema. Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwinjilisti mpya mwenye suruali moja. Watu wakisikia neno mmisionari huwaza Mzungu mwenye kofia na gari. Na sisi tulikuwa wamisionari, ila wa miguu na blanketi. Misheni ilitushusha wawili wawili kutoka milimani kwenda bondeni Usangu, upande wa Madibira, tukae mwaka mzima, tufundishe, tuandae watu kwa ubatizo, tujenge kanisa la miti na nyasi. Mimi nilishuka na Obadia. Tulikwenda wawili, nikarudi peke yangu. Nikimsimulia Dresa ni lazima nifike hapo, ingawa nafika kwa miguu mizito.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na sauti ya kugomba. Hata akikwambia "kamwene", salamu yetu ya asubuhi, ungeangalia nyuma kuona umekosa nini. Akina mama waliomletea watoto walizoea kutukanwa kwanza ndipo wapewe dawa, na siku asipotukana walirudi nyumbani na wasiwasi kwamba mtoto ana hali mbaya. Hawakukosea sana. Dresa akiwa mpole, jua kazi imemshinda.

Vijana wote waliokuwa wakishuka ilibidi wapite kwake wapimwe. Hakuwa na hadubini wala mashine yoyote. Alikuwa na chupa tupu zilizooshwa, na jua. Alituamuru tuingie vichakani nyuma ya zahanati, kila mmoja arudi na chupa yake, kisha alizipanga ukutani na kuziinua moja moja juani, jicho moja amelifumba.

"Huu mzuri. Huu wa mtu hanywi maji. Na huu," akamgeukia kijana mmoja kutoka Dabaga, "wewe jana ulikunywa ulanzi."

"Kidogo tu, baba."

"Kidogo iko kwa chupa? Hii yote ni kidogo?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Alirudia kuinua kila chupa mara ya pili, na sasa nikikumbuka naona kwamba alikuwa anatafuta rangi moja tu, na aliomba asiione.

Sisi ni watu wa baridi. Mbu wa Kilolo ungeweza kuwahesabu. Mtoto wa bondeni huzaliwa ndani ya homa, wengine huzikwa, na wanaobaki hukua nayo mpaka wanazoeana kama mtu na jirani mkorofi. Sisi tulishuka tukiwa wakubwa, tumeshiba viazi, damu zetu mpya kabisa, wala hatukujua kwamba ni hatari kuwa na damu mpya. Tulidhani nguvu ya kupanda milima itatusaidia. Dresa alitukusanya chini ya paa la zahanati akatwambia jambo ambalo baadaye lilimpeleka mbele ya wazee wa kanisa.

"Malaika wenu wa kuwalinda ni malaika wa huku," alisema. "Anavaa blanketi. Anawasindikiza mpaka pale njia inaanza kushuka, akisikia joto, anarudi. Kule chini uko wewe na chandarua."

Wazee walimwita wakamwuliza kama ni kweli amefundisha kwamba malaika huogopa joto. Akajibu kwamba hajui malaika wanaogopa nini, ila anajua wangapi wamerudi wamebebwa. Walimwonya, akakubali onyo, akarudi akafundisha vilevile.

Kitu kilichomsumbua kuliko simba wala mamba ni ukarimu. Wasangu ni watu wa kupokea mgeni, na mgeni wa heshima hulazwa katika nyumba kuu, ile ya zamani, juu ya ngozi, pembeni mwa ukuta. Sasa nyumba ya zamani ndiyo yenye papasi, wale wadudu wa kwenye vumbi la sakafu ambao humnyonya mtu usingizini na kumwachia homa inayokwenda na kurudi. Wenyeji wamezoeana nao. Mgeni ndiye chakula kipya. Na utakataaje kulala ndani ya nyumba ya mtu ambaye unataka kesho akusikilize habari za Mungu?

"Mwambieni mmeweka nadhiri ya kulala nje," Dresa alitufundisha.

Obadia akauliza, "Baba, huo si uongo?"

"Si uongo. Simama. Weka nadhiri sasa hivi, mbele yangu."

Tukasimama tukaweka nadhiri, vijana wanane, mikono juu, mbele ya ndoo ya bandeji chafu. Nadhiri ile niliitunza kuliko nyingine nilizoweka madhabahuni, na papasi hawakunipata.

Lakini wengi hawakutunza lolote. Kabla yetu walishuka wawili ambao Dresa aliwapa chandarua kizuri, kipya, cheupe, akawafundisha kukitundika na kuchomeka pindo chini ya mkeka. Walifika bondeni wakakuta harusi ya kwanza ya Kikristo inaandaliwa na bibi arusi hana shela. Wakaona aibu kulala ndani ya kitambaa cheupe wakati binti wa watu anaolewa kichwa wazi. Wakakikata. Walirudi baada ya miezi minne wakitetemeka hata juani, na mmoja hakupona masikio mpaka leo. Dresa aliwasikiliza hadithi yote.

"Bibi arusi hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, baba. Alipendeza."

"Haya. Alipendeza," alisema, akaingia chumba cha dawa akafunga mlango, akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kutafuta vidonge viwili.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kufuata mafundisho yake. Alitugombeza kwa kunywa maji yasiyochemshwa, na wote tulimwona akiinama mtoni akinywa kwa kiganja. Alikataza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na msimu wa mvua mianzi ikianza kuitoa alikuwa na harufu ambayo dawa zake hazikuweza kuifunika. Aliogopa sindano. Siku daktari alipotaka kumchoma, alikumbuka ghafla mgonjwa wa mbali sana. Kanisani alisinzia kila Jumapili, tangu wimbo wa pili, na alikuwa akiamka sawasawa kwenye matangazo, maana hapo ndipo yaliposomwa majina ya watakaoshuka.

Methali moja ilimtia hasira kali. Kijana akifa bondeni, mtu lazima angesema msibani, "Sikio la kufa halisikii dawa." Inasemwa kila mahali, huwafariji watu, hubebesha marehemu mzigo wake mwenyewe. Dresa aliwahi kumkatiza mzee mmoja mbele ya waombolezaji. "Dawa haipiti kwa sikio," alisema. "Inapita kwa mdomo. Na kama hamkumpa, msiseme hakusikia."

Ndiyo sababu vidonge vya kwinini alivitoa kama vita. Wakati wa mafundisho kila kijana alipewa kimoja, akameza mbele yake, kisha akaambiwa afungue mdomo, ainue ulimi. "Fungua! Inua! Haya, mwingine." Uchungu wake anaujua aliyewahi kuumeza. Alitwambia tukifika chini tufanyiane hivyo hivyo, mtu na mwenzake, tusiaminiane hata kidogo. Undugu wetu uwe wa kuchunguliana midomo.

Kila mwaka alikwenda mbele ya baraza la wazee kuomba jambo lile lile: vijana wasishuke mwezi wa Novemba. Wasubiri mvua ipite, washuke mwezi wa Juni, maji yakiwa yamekauka na njia za kupandia ziko wazi mtu akiugua. Na kila mwaka walimjibu lile lile. Wakati wa kiangazi watu wa bondeni hutawanyika na ng'ombe wao, humkuti mtu wa kumfundisha. Mvua ikianza wanakusanyika kwenye mpunga. Lilikuwa jibu la kweli, hilo ndilo baya lake. Hakukuwa na mtu mwovu katika lile baraza. Walikuwa wazee wenye koti na biblia, waliowapenda watu wa bondeni na kutaka wamjue Mungu, na watu wa bondeni walipatikana msimu ule ule wa mbu. Dresa alisimama akisikiliza, kofia mkononi, kisha alisema, "Sawa, wazee," akarudi kuosha chupa zake.

Na alitia sahihi. Hilo lilinishangaza tangu mwanzo. Mtu aliyegomba namna ile, ikija karatasi ya kusema kijana huyu ni mzima na anaweza kwenda, alichukua kalamu akaandika. Nilimwuliza siku moja kwa nini asigome.

"Nikigoma wataenda bila kupimwa," alisema. "Mimi si daktari, mwanangu. Mimi ni mtu wa kidonda."

Kitu kingine kuhusu Dresa ambacho ni lazima nikiseme ni jinsi alivyoweza kufunga mdomo. Mtu mwenye kelele vile, ungedhani siri kwake haikai hata siku moja. Kumbe alijua kila kitu cha kila mtu, na hakuna kilichotoka. Mzee mmoja wa kanisa, yule aliyempinga kwa sauti kubwa zaidi barazani, alikuwa akiingia kwake kwa mlango wa nyuma kutibiwa ugonjwa wa aibu. Tulilijua jambo hilo miaka mingi baadaye, mzee mwenyewe alipotubu kitandani karibu na kufa. Dresa angeweza kumnyamazisha kwa neno moja tu, na hakulisema hata mwaka ule walipomwonya kwa habari ya malaika. "Mtu akinionyesha mwili wake," alizoea kusema, "ni kama amenizika nao." Tulimheshimu sana kwa hilo. Mimi nilimheshimu kuliko wote.

Obadia alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwimbaji wa sauti ya nne. Akicheka, hata mwenye msiba angejikuta anatabasamu. Alikuwa amechumbia binti wa mwalimu mmoja, na baba wa binti alisema wazi kwamba anamwoza mchungaji, hamwozi mlima viazi. Kwenye misheni yetu huwezi kupelekwa chuo cha uchungaji kabla hujamaliza mwaka wako wa bondeni. Kwa hiyo mke wake, chuo chake na heshima ya mama yake vyote vilikuwa kule chini.

Mwaka uliotangulia alikuwa ametumwa kwa miezi mitatu Pawaga, bonde jingine la joto, akarudi anaumwa. Dresa alimlaza chumba cha nyuma wiki tatu na hakuruhusu mtu kumwona. Tukiuliza, alijibu, "Tumbo." Obadia alitoka amekonda lakini anacheka, naye akasema ni tumbo. Basi, nani hajawahi kuumwa tumbo?

Majina yetu yaliposomwa pamoja, mimi na Obadia, Dresa alikwenda barazani. Safari hiyo hakuzungumzia mvua. Nilikuwapo, nimekaa benchi la nyuma.

"Huyu Obadia apumzike mwaka mmoja," alisema.

"Ana nini?" mchungaji aliuliza.

"Apumzike tu."

"Dresa, tumeshapeleka habari kule. Wanawasubiri wawili. Kama ana ugonjwa, utaje, tumwondoe kwenye orodha."

Obadia alikuwa amesimama mlangoni. Dresa alimtazama, na mimi nilimwona Obadia anatikisa kichwa, kidogo sana. Kuondolewa kwenye orodha kwa ugonjwa kulikuwa kuondolewa moja kwa moja.

"Hana ugonjwa wa kutaja," Dresa alisema.

"Basi unawadekeza hawa vijana," akasema yule mzee wa mlango wa nyuma, na baraza likacheka, na jambo likaisha. Kwenye karatasi yangu Dresa aliandika: Mzima. Kwenye ya Obadia aliandika: Anaweza kutembea. Hakuna aliyeuliza tofauti yake ni nini.

Asubuhi ya kuondoka alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwa desturi kila jozi ilipewa kopo moja la kwinini, ili wachunguliane. Sisi alitupa makopo mawili. "Kila mtu na lake," aliniambia. "Usimwangalie mwenzako." Kisha alimchukua Obadia nyuma ya jengo wakaongea mpaka dereva wa lori akaanza kupiga honi. Niliona ajabu kidogo, nikafikiri mzee anazeeka.

Lori lilitushusha kwenye barabara kuu ya Mbeya, mbele ya Mafinga, tukatembea siku tatu kushuka. Sitaeleza yote ya bondeni. Mvua ilifika, maji yakatapakaa, mbu wakaja kama moshi wa jikoni. Tulilala nje kwa nadhiri yetu, ndani ya chandarua. Watu walitupenda. Obadia aliwafundisha watoto wimbo mmoja kwa sauti nne na wachunga ng'ombe wakawa wanauimba kwenye maji.

Mwezi wa Januari nilitafuta sindano ya kushonea kwenye mfuko wake nikalikuta kopo lake la kwinini. Lilikuwa limejaa. Hakuwa amemeza hata kimoja tangu tulipofika. Damu ilinichemka. Nikawakumbuka wale wa shela.

"Unamjaribu Mungu," nilimwambia. "Unataka ufe uitwe shahidi?"

"Mwili wangu hauvipendi hivi," alisema, akacheka. "Wewe endelea na vyako, ndugu yangu."

Nilimnunia siku tatu. Kisha mimi ndiye niliyeugua, pamoja na vidonge vyangu vyote, na ni yeye aliyenibeba, akaniosha, akanipa dawa kutoka kwenye kopo langu kwa saa zake, akaniimbia. Nilipopata nguvu ya kukaa, akaanguka yeye.

Siku ya kwanza ya homa aliniambia, "Nirudishe mlimani. Leo leo." Wenyeji walikata miti wakatengeneza machela, tukambeba vijana sita mpaka mtoni. Mto haukuwa mto tena, ilikuwa ziwa linalokimbia. Tukarudi. Alilia njiani, na mimi nilidhani analia kwa maumivu. Nikalichukua kopo lake nikasema sasa utameza. Akakataa. Akakataa mchana kutwa, anakaza meno, anageuza uso. Mwishowe alimeza. Nilimfungua mdomo, nikamwinua ulimi, nikahakikisha. Nilimpa vyote vilivyotakiwa siku ile, na asubuhi iliyofuata nikampa tena. Mchana ule mkojo wake ulitoka mwekundu, baadaye ukawa mweusi kama kahawa. Alikuwa njano mpaka machoni. Siku ya nne, ng'ombe wakiwa wanatolewa zizini, alikufa. Tulimzika juu ya kichuguu, maana kwingine kote kaburi lilijaa maji kabla hatujamaliza kuchimba.

Nilipopanda tena Kilolo mwezi wa Juni, Dresa alikuwa ameondoka. Barua ya msiba ilipofika alimpelekea mchungaji funguo za zahanati siku ya pili yake, akachukua mke na godoro. Watu walisema ameona aibu kwa sahihi yake. Na mimi nilisema hivyo. Nilisema zaidi. Kwa miaka, nikiwafundisha vijana waliokuwa wanakwenda kushuka, nilikuwa na somo langu juu ya Obadia: jinsi alivyofanya kiburi na dawa, jinsi Dresa alivyoandika "anaweza kutembea" akijua ni dhaifu, na jinsi mimi, mwenzake, nilivyopigana naye mpaka akameza, ila kwa kuchelewa. Vijana waliguswa sana. Wengine waliandika.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilihamishiwa Mbeya, nikiwa mchungaji kamili sasa. Wiki ya pili nilipata kikohozi nikaelekezwa duka la Bwana Salehe, Mwislamu ambaye baba yake alikuja na biashara kutoka Bagamoyo. Aliuza vitambaa, na pembeni alikuwa na kabati la dawa. "Mchungaji, karibu," alisema. "Yule mzee wa dawa mkali, lakini usikasirike. Anawagombeza wateja wangu na kesho wanarudi."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya majora na kabati. Mikono ilikuwa ile ile. Aliniangalia kifua kabla ya uso.

"Kamwene, Dresa," nilisema.

"Kamwene, mwanangu. Kaa. Hicho kikohozi cha muda gani?"

Alikuwa mpole. Nilikaa. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote hiyo kumsomea mashtaka, na sasa niliona mzee mwenye shingo nyembamba, nikaamua nimsamehe. Mungu anirehemu, hilo ndilo neno lililokuwa kichwani mwangu. Nikamwambia asijilaumu. Nikamwambia mimi nilifanya kila alichotufundisha.

"Ulifanya nini?" aliuliza.

"Nilikuta hamezi dawa. Homa ilipomshika nikampa kwinini mwenyewe, Dresa. Nikamfungua mdomo, nikaangalia chini ya ulimi. Hakukosa kidonge hata kimoja."

Aliweka chini chupa aliyokuwa anaifuta.

"Mkojo ulikuwaje?"

"Mwekundu. Halafu kama kahawa."

"Kabla ya kwinini au baada?"

"Baada."

Bwana Salehe alikuwa anapima kitambaa, mkasi unalia. Dresa alisubiri umalize, kisha akaongea polepole, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda.

"Aliporudi Pawaga alikojoa hivyo hivyo. Si tumbo. Ni ile homa ya mkojo mweusi. Nilimpa kwinini mimi, sikujua, nikaona mkojo unazidi kuwa mweusi, nikaacha, akapona kwa bahati. Mtu wa namna hiyo kwinini ni sumu kwake. Nilimwambia, kule chini usishuke. Akaniangukia miguuni, baba usiseme, nitakosa yote. Nikamwambia, basi ukishuka, usiguse kidonge hata kimoja, homa ikija panda mlima siku hiyo hiyo. Akaniahidi. Kopo nilimpa kwa sababu yako, usione hana ukaanza kuuliza."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungeandika kwa mchungaji."

Ningeandika. Siku ile ile ningeandika, na leo Obadia angekuwa mlima viazi Kilolo, mwenye wajukuu. Nilitaka kumwambia kwamba siri yake ndiyo iliyomwua, na yeye angeweza kuniambia kwamba ni mkono wangu, na tungekuwa sawa wote wawili, na mtu angekuwa amekufa vilevile.

Dresa alikuwa ameinama, viganja magotini.

"Kitu kimoja sielewi," alisema. "Alijua. Nilimwambia mara tatu, na alikuwa amekiona mwenyewe. Asingemeza hata kwa kupigwa. Ulimfanyaje mpaka akameza?"

Nilikumbuka vizuri sana. Obadia amelala ubavu, macho yamezama, ananishika shati na kuniuliza jambo moja, nami namjibu mara moja bila kufikiri, kama unavyomjibu mtoto ili alale.

"Nilimwambia ni wewe umesema," nilijibu. "Aliniuliza, Dresa amesema? Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kabla hatujaondoka uliniita pembeni ukaniagiza, akiugua sana nimpe. Ndipo akafungua mdomo."

Mwanamke aliingia na mtoto mgongoni akataka dawa ya macho. Dresa alisimama akamhudumia. Alimweleza namna ya kuitia, mara mbili, akamwambia arudie kusema alichoelezwa, akamrekebisha. Hakumgombeza. Mwanamke alishukuru akatoka, naye akabaki amesimama akinipa mgongo, mikono juu ya kabati.

"Chukua ile chupa ya kahawia, ya kikohozi," alisema. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na usirudi hapa, mwanangu. Sina ubaya na wewe. Ila nikikuona tena, nitamwona anafungua mdomo."

Nilikaa Mbeya miaka sita. Dawa niliagiza kwa watu.